Kesho ya Ng'ombe Iko Mkononi mwa Nani?

Neno "endelevu" limezoeleka kwetu kama neno "mgao". Semina haiishi bila kulitaja. Kilimo endelevu, kuni endelevu, maji endelevu, na siku hizi maziwa endelevu. Maana yake si ngumu: ni kutumia kitu leo kwa namna ambayo kesho bado kitakuwepo. Ukikata nyasi, acha shina lichipue. Ukikamua, muachie ndama. Wazee wetu walijua hayo bila chati ukutani.

Sina ugomvi na neno hilo. Nina swali, na ni swali la haki: je, ni sawa kumdai mtu aitunze kesho, wakati hakuna aliyemhakikishia kwamba kesho hiyo atakuwa bado yupo hapo? Nitalijibu kwa mfano wa ng'ombe wa maziwa, kwa sababu ndiye ninayemjua, na kwa sababu siku hizi kila mtu ana neno la kusema juu yake.

Mimi ni mmoja wa Wakenya waliovuka Malaba mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi kugeuka kuwa vita. Tulipokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye tukahamishiwa Kiryandongo. Kwetu nilikuwa mfugaji. Tororo nikawa kibarua wa kukata nyasi ya ng'ombe wa wengine, na hata baada ya Kiryandongo kazi imekuwa ikinirudisha huko. Nimekata nyasi, nimekamua, nimebeba maziwa kwa baiskeli mpaka Busia. Kwa hiyo haya nayasema kama mtu wa panga na ndoo.

Tuanze na mashtaka dhidi ya ng'ombe, maana ni mazito na si ya uongo. Ng'ombe akicheua hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko kiasi hicho hicho cha kaboni dayoksaidi. Mwaka 2013 shirika la FAO la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba ufugaji wote duniani, pamoja na malisho na usafirishaji wake, unatoa asilimia 14.5 ya gesi joto zinazosababishwa na binadamu. Kabla ya hapo, mwaka 2010, FAO ilikuwa imepima maziwa peke yake. Wastani wa dunia ulikuwa kilo 2.4 za gesi kwa kila kilo ya maziwa. Kwa nchi zetu, Afrika kusini mwa Sahara, wastani ulikuwa kilo 7.5. Nchi zenye viwanda zilikuwa kati ya kilo 1 na 2 hivi.

Soma tena hizo namba polepole. Zinasema kwamba lita ya yule zebu wa Tororo, anayekula majani ya kando ya barabara na hajawahi kuona trekta, inachafua hewa kuliko lita ya ng'ombe wa Uholanzi anayekaa kwenye banda la umeme. Mara ya kwanza kuisikia hesabu hii nilicheka. Lakini hesabu ni sahihi. Zebu anacheua kutwa nzima na kukupa lita moja, akijitahidi mbili. Yule wa Ulaya anacheua pia, tena zaidi, lakini gesi yake inagawanywa kwa lita 25 au 30. Ukigawa kwa lita, maskini anatoka mchafu.

Hapa ndipo falsafa inapoingia, hata kama hatuiiti hivyo. Kugawa kwa lita ni uamuzi wa mtu. Ungeweza kugawa kwa ng'ombe, na zebu akatoka msafi. Ungeweza kugawa kwa kila mtu anayekunywa, na kijiji kizima cha Tororo kingeonekana hakijafanya kitu mbele ya familia moja inayokula jibini asubuhi na aiskrimu jioni. Tena, zebu hakuwekwa pale kwa ajili ya maziwa tu. Analima, anatoa samadi, ni akiba ya benki ya mtu asiye na benki. Mtoto akifukuzwa shule kwa ajili ya karo, ndiye anayeuzwa. Kukiwa na msiba, ndiye anayechinjwa. Mahari inamtaja yeye. Mzani unaopima maziwa peke yake umeacha kazi zake nyingine zote nje, kisha unamhukumu kwa uvivu.

Lakini sitaki tujifiche nyuma ya hoja hiyo. Ukweli mwingine ni huu: zebu wengi niliowahudumia walikuwa na njaa. Kiangazi mbavu unazihesabu ukiwa mbali. Ng'ombe mwenye njaa anacheua makapi, anazaa kwa kuchelewa, na maziwa yake hayatoshi ndama wala mtoto. Hakuna utamaduni wa kuutetea hapo. Kumlisha vizuri ni jambo jema kwake, kwa mtoto anayesubiri kikombe, na kwa anga pia. Katika jambo hili hakuna ugomvi kati ya tumbo la mtoto na hali ya hewa. Zote zinaanzia kwenye nyasi.

Kuna rafiki yangu, mfanyakazi wa shirika fulani, ambaye tumebishana naye sana. Yeye husema: "Ndugu, achana na ng'ombe. Ekari moja ya maharagwe inalisha watu wengi kuliko ekari moja ya nyasi." Ana haki. Kama una kipande kimoja cha ardhi nzuri na watoto sita, panda maharagwe. Dunia imepita watu bilioni 8 tangu Novemba 2022, na haiwezi kuwalisha wote kwa kupitisha kila punje ya nafaka tumboni mwa mnyama kwanza.

Ila hoja yake ina mpaka. Ng'ombe ana tumbo ambalo sisi hatuna. Anakula mabua ya mahindi baada ya sisi kuvuna, maganda ya ndizi, mashina ya viazi vitamu, nyasi ya ukingo wa barabara ambapo hakuna anayeweza kulima. Anavigeuza kuwa maziwa, na kinachobaki anakirudisha shambani kama mbolea. Ng'ombe wa namna hii hachukui chakula cha mtu, anaongeza. Lakini yule anayelishwa mahindi na soya zilizolimwa kwenye ardhi nzuri amekaa mezani na mtoto, na anakula kutoka sahani moja naye. Basi mimi nina kanuni moja tu ya ufugaji wa haki: ng'ombe asile kile ambacho mtoto angekila. Ukiitumia kanuni hii, utaona kwamba wa kuulizwa kwanza si mama wa Tororo mwenye zebu mmoja aliyefungwa kwa kamba.

Sasa, je, inawezekana kupata maziwa zaidi bila kumnyang'anya mtoto? Inawezekana, na ufumbuzi mmoja uko hapa hapa mpakani. Miaka ya 1990, wataalamu wa kituo cha wadudu cha icipe, kule Mbita kando ya Ziwa Viktoria, pamoja na wenzao wa Uingereza, walitengeneza mpango wanaouita "sukuma-vuta". Unapanda mahindi, na katikati ya mistari unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa. Kuzunguka shamba unapanda nepia, ile nyasi ndefu kama matete. Harufu ya desmodiamu inawafukuza nondo wanaotaga mayai ya viwavi kwenye mahindi. Nepia inawavuta kwenda pembeni. Mizizi ya desmodiamu inaua kayongo, lile gugu lenye maua mazuri ya zambarau ambalo limewatoa machozi wakulima wa Busia zote mbili. Na mmea huo huo unarutubisha udongo.

Mwisho wa yote, nepia na desmodiamu ni chakula cha ng'ombe. Yaani mtu anavuna mahindi zaidi na maziwa zaidi kwenye shamba lile lile. Nimeyaona mashamba haya upande wa Kenya na upande wa Uganda, na nimekata nyasi yake kwa mikono yangu. Si hadithi.

Basi kwa nini kila mtu hafanyi hivyo? Wengi husema wananchi ni wagumu kubadilika. Mimi nasema hesabuni siku. Desmodiamu msimu wa kwanza inataka kupaliliwa kwa mkono, kwa uangalifu, kama mtoto mchanga. Faida yake kubwa inaanza msimu wa pili, na inaongezeka miaka inayofuata. Nepia nayo ukiipanda leo unaikata baada ya miezi mitatu au minne, kisha inakupa kwa miaka kadhaa. Halafu kuna ule ugonjwa wa kudumaza nepia, ulioenea magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda: majani yanakuwa manjano na madogo, na inabidi ung'oe na uanze upya kwa mbegu safi. Mambo haya yote yanamfaa mtu anayejua kwamba miaka mitatu ijayo atakuwa kwenye shamba hilo hilo.

Wangapi kati yetu wanalijua hilo? Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inasifiwa, na inastahili sifa: tunatembea, tunafanya kazi, tunapewa ardhi ya kutumia, kulima au kulishia mifugo. Lakini ardhi ya kutumia si ardhi yako. Kipande kinaweza kupunguzwa watu wapya wakija, na lazima waje, maana vita haviombi ruhusa. Kule Bidibidi, iliyofunguliwa 2016, familia ilipewa mita 30 kwa 30. Hiyo haifiki hata robo ekari, na washauri wa mifugo Kenya husema ng'ombe mmoja wa maziwa anahitaji nusu ekari mpaka ekari nzima ya nepia. Ukipanda nyasi, watoto wale nini? Chakula cha mgao nacho kimepungua: WFP ilikata asilimia 30 Aprili 2020, na mwaka 2021 mgao ukashuka mpaka asilimia 60. Mtu wa namna hii ukimwambia apande leo avune mwaka kesho kutwa, unamwambia afunge kwa niaba ya dunia.

Tena si sisi wakimbizi peke yetu. Wenyeji wengi wa Tororo na Busia wanakodi shamba msimu kwa msimu. Kuna wajane wanaolima kwa huruma ya shemeji. Niliwahi kumuuliza mama mmoja Mpadhola, ambaye nilimkatia nyasi miaka mingi, kwa nini hapandi desmodiamu. Alinijibu, "Mwanangu, nikiutajirisha huu udongo, mwenyewe atautaka." Katika semina zote nilizokaa sijasikia sentensi yenye elimu ya uchumi kuliko hiyo. Huyo mama anaijua kesho vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba si yake.

Hiki ndicho ninachotaka kusema: wajibu wa kutunza kesho hauwezi kuwa sawa kwa watu wote, kwa sababu kesho yenyewe haijagawanywa sawa. Anayeshika hatimiliki, anayetoa kibali, anayefunga na kufungua mpaka, anayeamua mradi utaisha lini, huyo ameshika kesho za watu wengine. Na deni lake ni kubwa kwa kiasi hicho hicho.

Nitoe mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni wa msaada. Eneo la Tororo ni la mbung'o tangu zamani. Ndiyo maana kituo cha utafiti wa malale cha Afrika Mashariki kilijengwa hapo wakati wa ukoloni. Zebu wetu anaweza kubeba vimelea vya malale na bado akaonekana mzima. Miaka ya 1990, watu wa Teso waliokuwa wamepoteza mifugo yao kwa wizi wa silaha walihitaji ng'ombe tena, na ng'ombe wakanunuliwa kutoka maeneo ya kusini yenye malale. Nia ilikuwa njema. Lakini Desemba 1998 malale ya binadamu ikazuka Soroti, mahali ambapo haikuwepo, na watafiti waliifuatilia mpaka mnada wa Brookes Corner, walikokuwa wakiuzwa ng'ombe hao. Sindano ya dawa kabla ya safari ingeweza kuzuia. Zawadi ilihesabiwa kwa vichwa vya ng'ombe walioletwa, haikuhesabiwa kwa siku zitakazofuata. Hali ni ile ile ukimletea mtu ng'ombe wa kisasa bila daktari wa mifugo. Friziani haishindi ndigana wala nagana kwa ujasiri. Atakufa, na mtu atabaki na kamba.

Mfano wa pili ni wa mpaka. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili, na ng'ombe wa mahari alikuwa akivuka kabla ya mzungu kuchora mstari. Februari 2018 marais wawili walizindua kituo cha pamoja cha mpaka pale Busia, ili mizigo isikaguliwe mara mbili. Vizuri. Lakini Januari 2020 maziwa ya Uganda yakakamatwa Kenya, na Machi 2023 Kenya ikasimamisha uagizaji wa maziwa ya unga. Sikatai, mkulima wa Nyandarua naye ana watoto, na mvua ikinyesha sana maziwa yanafurika na bei inaanguka. Serikali yake ina wajibu kwake. Ila mtazame mfugaji wa upande wa Uganda: ameambiwa abadilishe mbegu, ajenge banda, apande nyasi, apunguze gesi kwa kila lita. Anakopa, anafanya yote. Siku lita zinapoongezeka, soko linafungwa kwa barua. Yule aliyebaki na zebu wake wawili hakupoteza kitu. Mwaka ujao mkija na semina, mnadhani kijiji kitamsikiliza nani?

Najua nitajibiwa. Mtu atasema: ukiendelea hivi, kila maskini atapata kisingizio. "Sina kesho, basi acha nikate mti wa mwisho." Hoja hii ina uzito, na tunaishi nayo. Wapo kati yetu wanaosema, "Hapa si kwetu," kisha wanaacha kila kitu kiharibike.

Jibu langu ni kwamba wajibu mdogo si sawa na kutokuwa na wajibu. Hata mwenye kesho ya wiki moja ana wiki hiyo. Asichanganye maziwa na maji, maana anayekunywa ni mtoto wa mwenzake. Samadi aipeleke kwenye bustani, isioze njiani. Ng'ombe afungwe penye kivuli na maji, kwa sababu uchungu wa mnyama haungoji hatimiliki. Nyasi ikatwe, shina libaki. Na nimeona zaidi ya hayo: wazee kambini wanapanda miembe ambayo wanajua hawataila. Hakuna aliyewadai. Wanatoa. Kuna tofauti kubwa kati ya kumshukuru mtu kwa alichotoa na kumpigia hesabu kama alikuwa na deni, na mara nyingi ripoti zetu zinachanganya hayo mawili.

Kwa upande wa kutoa, kuna desturi moja ya miradi ya ng'ombe ninayoipenda. Heifer International wanaifuata, na wale wakulima wa Uingereza walioanza kuleta ng'ombe Uganda mwaka 1988 chini ya jina Send a Cow waliifuata pia: ukipewa mtamba, ndama jike wa kwanza unampa jirani. Naipenda kwa sababu inampa mtu kesho kabla ya kumdai kesho. Ng'ombe ni wako kabisa, halafu wajibu unazaliwa naye. Na wajibu wenyewe unauona kwa macho, una miguu minne, unampeleka kwa mtu unayemjua jina. Kwa wakimbizi na wenyeji waliokaa jirani kwa kutazamana pembeni, ndama anayevuka ua anafanya kazi ambayo mikutano kumi ya amani haifanyi.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaofanya kazi na mashirika: mkija kutufundisha maziwa endelevu, njooni, tunataka kujifunza. Lakini kabla ya kugawa mbegu za desmodiamu, ulizeni shamba ni la nani na kwa miaka mingapi. Kama mnaweza, kaeni na mwenye shamba na chifu, muandike miaka mitano kwenye karatasi. Karatasi hiyo inaweza kuleta nyasi nyingi kuliko mbegu zenyewe. Ulizeni daktari wa mifugo atakuwa nani mradi ukiisha. Ulizeni maziwa yatauzwa wapi mpaka ukifungwa.

Na sisi wakaazi tusingoje mpaka yote yajibiwe. Familia nne au tano zinaweza kushirikiana ng'ombe mmoja na kukata nyasi kwa zamu. Nimeona ikifanyika, na nimeona pia ikivunjika kwa sababu hakuna aliyeandika zamu ni ya nani. Andikeni. Mwenye kipande kidogo kabisa aanze na mbuzi wa maziwa na mstari mmoja wa nepia kando ya choo. Watoto wetu wamekunywa turungi miaka ya kutosha, na kikombe cha maziwa hakipaswi kuwa kitu cha kusimuliwa na wazazi.